Maswali na Majibu ya Wasomaji: Ubao wa maono usio na cherehani

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu ubao wa maono, yaani karatasi au kibao ambacho mtu hubandika picha na maneno yanayoonyesha maisha anayoyatamani, ili malengo yake yasibaki kichwani tu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa yale ambayo wengi wenu mmeyauliza.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Morogoro, nina umri wa miaka 36 na watoto wawili. Mwezi Januari nilihudhuria semina ya wanawake wajasiriamali ambako tuligawiwa manila, gundi na magazeti ya zamani, tukaelekezwa kukata picha za maisha tunayoyataka na kuzibandika. Mimi nilibandika picha 11: nyumba ya ghorofa, gari jeupe la kifahari, ndege, ufukwe, mwanamke aliyevaa suti, familia iliyokaa mezani, na nyingine za namna hiyo. Tuliambiwa tuutazame ubao kila asubuhi na kila usiku huku tukiamini kwamba tumekwisha kupata. Nimefanya hivyo kwa miezi saba. Bado ninapanga chumba na sebule, na bado ninapeleka nguo za wateja kwa jirani mwenye mashine ya ovaloki, shilingi 500 kila nguo, kwa kuwa sina yangu. Siku hizi nikiutazama ule ubao ninaona aibu. Je, kosa ni la ubao au ni langu? Na kama nitaanza upya, nianzie wapi?
Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali palepale: katika picha ulizozitaja hakuna hata moja yenye cherehani. Mashine ya ovaloki, ambayo ndiyo kitu pekee ulichokitaja pamoja na hesabu yake, imo katika barua lakini haimo katika ubao. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: aibu hiyo si yako kuibeba. Ulielekezwa kubandika mwisho wa safari ukaachwa bila njia, tena mwisho wenyewe ukauchukua katika magazeti ambayo picha zake ziliwekwa ili kuuza magari na tiketi za ndege.

Agizo la kutazama picha huku ukijiaminisha kwamba umekwisha kupata lina kasoro ambayo wanasaikolojia wameichunguza kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha New York na kile cha Hamburg, alichapisha pamoja na Thomas Wadden matokeo ya kuwafuatilia wanawake 25 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Wale walioamini kwamba wataweza walipungua zaidi, na hilo halishangazi. Lakini wale ambao ndoto zao kuhusu mwili mpya zilikuwa tamu tupu, zisizo na vishawishi wala taabu, walipungua kilo chache kuliko wenzao waliojiona wakihangaika njiani. Mwaka 2002 yeye na Doris Mayer walichapisha habari za wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi: baada ya miaka miwili, wale waliokuwa wakijiburudisha mara nyingi kwa kuota kazi nzuri walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache, na mishahara yao ilikuwa midogo. Uchunguzi alioufanya na Heather Kappes, uliochapishwa mwaka 2011, uliongeza jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari yako. Watu walipoelekezwa kuota mambo yakiwaendea vizuri kabisa, nguvu zao zilishuka, na hata kipimo cha shinikizo la damu kilionyesha hivyo. Mwili hupumzika kana kwamba safari imekwisha. Ndivyo ulivyokuwa ukiupumzisha mwili wako kila asubuhi kwa miezi saba, kabla tu ya kwenda kazini.

Naomba usinielewe kwamba nakukataza kutumaini. Kutumaini ni kuamini kwamba utaweza kwa sababu umekwisha kuweza mambo mengine kabla, na matumaini ya namna hiyo ndiyo yaliyowasaidia wale wanawake. Kinachodhuru ni kuota peke yake. Njia ambayo Oettingen aliipendekeza baada ya tafiti hizo ni kuiweka ndoto bega kwa bega na kikwazo: unalifikiria unalolitaka, kisha papo hapo unajiuliza ni nini ndani yako na katika maisha yako kinachokuzuia, halafu unaamua utafanya nini kikwazo hicho kikijitokeza. Ubao wa maono unaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana, kwa masharti kwamba picha za kikwazo na za kazi zipate nafasi juu yake.

Sasa tuje kwenye kuanza upya. Nakushauri usianze na mkasi, uanze na kalamu. Jioni ya kwanza, watoto wakilala, andika ukurasa mmoja kuhusu siku ya kawaida, tuseme Jumanne, miaka miwili kutoka sasa. Usiandike sikukuu wala siku ya kuhamia nyumba mpya. Andika unaamka saa ngapi, nani yumo nyumbani, mikono yako inashika nini saa nne asubuhi, mteja wa kwanza anakuja kuchukua nguo gani, na jioni umebaki na kiasi gani mkobani. Watu wengi wakifika hapo hugundua kwamba gari la kifahari halionekani popote katika Jumanne hiyo, na badala yake hujitokeza vitu ambavyo hawajawahi kuvitamka mbele za watu, kama vile kuwa na fremu yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo wao wenyewe.

Jioni ya pili ndiyo ya picha, na hapa chukua muda wako, kwa kuwa kuchagua ndiko kunakoyafafanua malengo kuliko kubandika. Kusanya picha 20 au 30 bila kujizuia. Zile za ubao wa zamani zibandue uzichanganye humohumo. Zitandaze zote juu ya mkeka, kisha igeuze moja moja na kuandika mgongoni mwake sentensi moja inayoanza na neno “kwa sababu”. Nimewahi kukaa na msomaji mmoja alipokuwa akifanya kazi hii. Alikuwa na picha ya nyumba ya ghorofa kama yako, akaigeuza, akaishikilia kwa muda mrefu, mwishowe akaandika: “Kwa sababu dada yangu anayo.” Hakuna aliyemwambia neno. Aliiweka kando mwenyewe, akachukua picha ndogo ya karo la jikoni lenye bomba, akaandika mgongoni: “Kwa sababu nimechoka kubeba ndoo.” Picha ambazo sababu yake ni watu, yaani waone, wanyamaze, wasinidharau, zitoe. Zinazobaki huwa chache, nazo ndizo zako.

Kutoka katika hizo zilizobaki chagua mambo matatu, yasizidi. Ubao wenye picha 11 za mambo 11 haukuambii uanze na lipi, na mtu asiyejua aanze na lipi huishia kutazama.

Jioni ya tatu, kila jambo lipe picha tatu: unalolitaka, kazi itakayokufikisha, na kikwazo. Picha za kazi na za kikwazo hutazipata magazetini. Zipige kwa simu yako, uzipeleke kwenye duka la steshenari wakuchapishie. Tuchukue mfano wa ovaloki. Picha ya kwanza ni mashine yenyewe, ile hasa uliyoiona dukani ukaulizia bei, wala si mashine yoyote tu. Picha ya pili ni mikono yako juu ya cherehani unayoitumia sasa, au daftari lako la kikoba lililofunguliwa kwenye ukurasa wa akiba. Picha ya tatu ni kile kinachokula akiba hiyo, nami nadhani unakijua: pengine ni kadi za michango ya harusi zilizopangwa juu ya kabati, pengine ni kipande cha kitambaa cha mteja aliyechukua gauni akaahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Chini ya picha hizo andika tarakimu. Sijui bei ya mashine katika duka lako, kwa hiyo tuseme umeambiwa shilingi 720,000. Ukiweka 15,000 kila wiki utaifikia baada ya wiki 48, na ukiweza 20,000 itakuwa wiki 36. Hesabu pia kile unachokitoa: ukipeleka nguo 30 kwa wiki kwa jirani, unamlipa 15,000 kwa wiki, maana yake ndani ya wiki hizohizo 48 umempa bei ya mashine nzima. Tarakimu hiyo iandike kwa kalamu nyekundu. Nina hakika itakuamsha asubuhi kuliko picha ya ndege. Kisha, kwa kuwa wewe ni fundi, chora kalenda ndogo pembeni na utie alama miezi ya kazi nyingi: Desemba na Januari kwa ajili ya sare za shule na Krismasi, pamoja na wiki chache kabla ya Idi. Wiki hizo ndizo za kuweka zaidi ya kawaida, ili wiki kavu zisikuvunje moyo.

Mwisho, kwa kila kikwazo andika sentensi moja yenye umbo hili: “Ikiwa hiki kitatokea, basi nitafanya hiki.” Kwa mfano: “Ikiwa nitaletewa kadi ya mchango kabla ya siku ya kikoba, basi nitaweka hisa zangu kwanza, ndipo nitoe ahadi ya kiasi kilichobaki.” Au: “Ikiwa mteja hajamaliza kulipa, basi nguo itabaki kwenye henga.” Maneno haya yanaonekana ya kitoto, lakini Peter Gollwitzer, ambaye ni mtafiti wa jambo hili tangu miaka ya 1990, alikusanya pamoja na Paschal Sheeran majaribio 94 katika uchambuzi wa mwaka 2006, wakaona kwamba watu wanaopanga kwa umbo la “ikiwa, basi” hutimiza nia zao zaidi ya wale wanaobaki na nia tupu. Sababu yake inaeleweka: uamuzi umekwisha kufanywa wakati akili imetulia, kwa hiyo siku ya kadi huna haja ya kushindana na nafsi yako mlangoni mgeni akiwa amesimama.

Acha sehemu moja ya manila bila kitu. Utahitaji nafasi ya jambo ambalo leo hulijui.

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni Dodoma. Mhamasishaji mmoja alitueleza kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani waliulizwa kama wameandika malengo yao, asilimia 3 tu wakasema ndiyo, na baada ya miaka 20 asilimia hiyo 3 ilikuwa na mali kuliko wengine wote kwa pamoja. Je, ni kweli? Tena, je, ninaweza kutengeneza ubao kwenye simu badala ya karatasi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Salama, mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kuisambaza. Habari hiyo si ya kweli. Imetafutwa na watu wengi, chuo chenyewe kikiwamo, na haikupatikana kumbukumbu yoyote ya uchunguzi wa namna hiyo. Wahitimu wa mwaka 1953 hawakuulizwa swali hilo. Inaniuma kuisikia bado ikihubiriwa katika kumbi ambazo vijana wamelipa kiingilio, kwa sababu kuandika malengo hakuhitaji kutetewa kwa uongo. Gail Matthews wa Chuo Kikuu cha Dominican cha California alifanya jaribio la kweli juu ya jambo hilo, na waliofanikiwa zaidi walikuwa wale walioandika malengo, wakaandika hatua watakazozichukua, kisha kila wiki wakamtumia rafiki mmoja taarifa ya walipofikia.

Kuhusu simu, inawezekana, lakini fahamu udhaifu wake. Picha iliyo katika simu huonekana pale tu unapoamua kuifungua, na ukiifungua simu unakutana na mambo mengine 20 kabla hujaifikia. Hata ukiifanya kuwa picha ya skrini, baada ya siku chache jicho huizoea na kuipita. Ukipenda simu, itumie kupigia picha na kuandika taarifa yako ya wiki kwa rafiki yako, na karatasi iwe ukutani juu ya meza yako, hata kama ni nusu ya manila.

SWALI: Assalamu alaykum. Binti yangu yuko kidato cha nne hapa Tanga na anataka kuwa daktari. Nimemwambia atengeneze ubao wa maono, akabandika picha ya daktari mwenye koti jeupe na kifaa cha kupimia mapigo ya moyo shingoni. Anaupenda sana, lakini sioni akisoma zaidi. Nifanyeje?
Mama wa watoto wanne, Tanga

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Picha hiyo msiitoe, kwani mtoto kujua anachokitaka si jambo dogo. Iwekeeni jirani tu. Lien Pham na Shelley Taylor, katika jaribio walilolifanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California jijini Los Angeles na kulichapisha mwaka 1999, waliwaomba baadhi ya wanafunzi watumie dakika chache kila siku kabla ya mtihani kujiona wamepata alama ya juu, na wengine wajione wakisoma: wameketi wapi, wamefungua sura gani, wamezima redio. Waliojiona wakisoma walianza mapema, wakasoma saa nyingi zaidi na kupata alama bora. Kwa hiyo mpige picha binti yako akiwa mezani na kitabu cha kemia, taa ikiwa imewashwa, saa ya ukutani ikionekana. Iwe karibu na ile ya daktari, tena iwe kubwa kuliko ile. Chini yake aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, mada tatu zinazomsumbua na siku atakayoanza na kila moja. Wewe usimwandikie, hata ukiona anachelewa. Na kila Ijumaa jioni mwombe akueleze amefikia wapi, nawe umsikilize bila kumlinganisha na mtoto wa jirani.

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Mwanza. Tulitengeneza ubao mmoja tukaubandika sebuleni. Mimi nilitaka kurudi chuo kusomea uuguzi, yeye anataka kiwanja. Wageni wanausoma, na wifi yangu kila akija huuliza, “Mtajenga lini?” Sasa mume wangu anataka tuutoe, anasema mambo ya ndani hayaanikwi. Mimi naona tukiuficha tutalegea.
Mke, Mwanza

JIBU: Dada, katika hili mume wako ana hoja nzito. Mwaka 2009 Gollwitzer, niliyemtaja hapo juu, na wenzake walionyesha kwamba mtu anayetaka kuwa kitu fulani, kwa mfano mwanasheria, watu wakishaijua nia yake na kuitambua, huifanyia kazi kidogo kuliko yule ambaye nia yake haikujulikana, kwa kuwa sifa amekwisha kuipata. Sebule inawapa sifa na maswali, haiwapi kazi. Uhamishieni ndani ya mlango wa kabati la nguo, ambako nyote wawili mtauona kila asubuhi na mgeni hatauona. Hofu yako ya kulegea itibuni kwa kuwa na mtu mmoja tu anayejua, mwaminifu, ambaye mtampa taarifa kila mwisho wa mwezi.

Lakini naona jambo jingine ambalo hukuliuliza. Ubao wenu ni mmoja na maono ni mawili, tena yanagombania fedha zilezile. Utengueni. Kila mmoja afanye wake peke yake, ageuze picha zake na kuandika “kwa sababu” mgongoni, kisha mkae mezani msomeane migongo hiyo kabla ya kuonyeshana picha. Inawezekana kiwanja chake kimeandikwa “kwa sababu kodi inapanda kila mwaka” na uuguzi wako “kwa sababu nataka mshahara usioyumba”, na hapo mtaona kwamba mnaogopa kitu kimoja. Baada ya hapo tengenezeni karatasi ya tatu, ndogo, yenye mpangilio mliokubaliana: kipi kinatangulia, kwa muda gani, kwa kiasi gani kila mwezi, na tarehe ya kukaa tena. Anayesubiri aandikiwe tarehe yake kwa wino, kwa sababu kusubiri bila tarehe ndiko kunakozaa manung’uniko ndani ya nyumba. Wifi yako akiuliza tena mtajenga lini, mwachie mume wako ajibu, kwa kuwa huyo ni dada yake na anajua namna ya kumjibu bila kumuudhi.